Miembe ya Mto Tana inakula nini? Mizani ya rutuba kati ya miti na udongo katika mashamba ya kingoni

Kuanzia Hola kushuka Wenje, Mnazini, Garsen na Ngao hadi Ozi, mashamba ya kando ya Mto Tana yanajulikana kwa miembe. Mingi ilipandwa na wazee ambao hawapo tena, na leo wanaochuma ni wajukuu wao. Kwa miaka mingi ilikuwa nadra mtu kuinunulia mbolea. Mto ulifurika, ukaacha tope, maji yakashuka na mti ukazaa.

Siku hizi utasikia malalamiko. Matunda yamekuwa madogo, mti unazaa msimu mmoja na kukosa unaofuata, majani yanakauka pembeni kabla ya wakati. Wapo wanaosema miti imezeeka na wapo wanaolaumu hali ya hewa. Sababu zinaweza kuwa kadhaa, wadudu na magonjwa yakiwemo. Lakini ipo moja ambayo hutazamwa mara chache, nayo ni hesabu ya rutuba. Kila lori la maembe linalotoka Garsen kuelekea Mombasa au Nairobi linaondoka na sehemu ya udongo wa Tana ndani ya matunda. Je, kinachorudi shambani kinatosha?

Makala haya yanaeleza jinsi miti na udongo wa kingoni vinavyolishana, mto unaleta nini na kuchukua nini, na mkulima afanye nini ili mizani isielemee upande mmoja.

Udongo wa kingoni haufanani

Mto unapofurika na kuvuka kingo, maji hupunguza mwendo. Chembe nzito za mchanga huanguka kwanza, karibu na mto. Chembe laini za mfinyanzi husafiri mbali zaidi hadi mabondeni, ambako maji hutuama kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ukingo wenyewe huwa umeinuka kidogo na udongo wake ni tifutifu wenye mchanga, ilhali bondeni kuna udongo mzito unaopasuka wakati wa kiangazi. Wapokomo wamelijua jambo hili kwa vizazi: miembe na migomba hukaa kwenye ukingo ulioinuka, mpunga huenda bondeni.

Tofauti hiyo ni ya rutuba pia. Mfinyanzi na mboji hushikilia potasiamu, kalsiamu na magnesi zisisombwe na maji. Mchanga hauna nguvu hiyo. Kwa hiyo mwembe ulio ukingoni hupata hewa nzuri mizizini na maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu, lakini ghala lake la chakula ni dogo. Ukitoa bila kurudisha, ghala la namna hiyo huisha mapema kuliko la bondeni.

Ukitoka mtoni kwenda nchi kavu, kama sehemu za Bura na Hola, hali hubadilika tena. Yapo maeneo yenye udongo wa magadi unaogandamana na kukataa kupitisha maji. Ushauri unaofaa shamba la ukingoni unaweza kudhuru shamba lililo kilomita tatu tu kutoka hapo. Mkulima aanze kwa kujua amesimama juu ya udongo gani.

Mti unavyokula na unavyorudisha

Mti huchukua naitrojeni kwa ajili ya majani na ukuaji, fosforasi kwa mizizi na maua, potasiamu kwa kujaza tunda sukari na kuendesha maji mwilini mwake, na kalsiamu kwa kuimarisha ganda na nyama ya tunda. Vipo pia vinavyohitajika kwa kiasi kidogo sana, kama zinki, chuma na boroni, lakini vikikosekana mti huonyesha mara moja.

Sehemu kubwa ya chakula hicho haipotei. Kabla jani halijaanguka, mti hufyonza na kurudisha matawini takriban nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyomo. Potasiamu nyingi huoshwa na mvua kutoka majanini ikadondoka chini ya kivuli. Kalsiamu hubaki ndani ya jani na hushuka nalo. Jani likifika chini, wadudu, kuvu na bakteria hulila pole pole na kuachia virutubisho, kisha mizizi midogo inayotambaa karibu na uso wa udongo huvidaka tena. Mizizi mirefu nayo huvuta kutoka chini vile vilivyozama. Kuna pia kuvu wanaoishi mizizini ambao huusaidia mti kupata fosforasi iliyojificha kati ya chembe za udongo.

Jani la mwembe ni gumu na lina naitrojeni kidogo likilinganishwa na kaboni yake. Kwa sababu hiyo huchukua muda mrefu kuoza, na bakteria wanaolila huazima naitrojeni ya udongo kwa kipindi fulani. Ukichanganya majani hayo na samadi, au na majani mabichi ya mikunde, kazi huenda haraka.

Wengi wetu tumezoea kufagia chini ya miembe na kuchoma majani ili shamba lionekane safi. Moto huo hupeleka karibu naitrojeni yote hewani. Fosforasi na potasiamu hubaki kwenye jivu, lakini jivu jepesi juu ya ardhi tupu huchukuliwa na upepo au mvua ya kwanza. Mti unakuwa umenyang'anywa mara mbili: tunda limeuzwa na jani limechomwa.

Anayetaka kuona mzunguko huu ukifanya kazi bila mkono wa mtu atazame msitu wa asili wa kingoni, ule uliobaki ndani ya hifadhi ya nyani na tumbili ya Mto Tana iliyotengwa mwaka 1976. Mikuyu na mikindu ya pale hukua mikubwa katika nchi yenye mvua haba, kwa sababu hunywa maji ya mto yaliyo ardhini na kula majani yake yenyewe. Mwanajiografia Francine Hughes, aliyeuchunguza msitu huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1990, alionyesha jinsi aina za miti na mahali inapoota vinavyofungamana na mafuriko ya mto. Msitu hauuzi matunda Kongowea. Shamba linauza, na hapo ndipo hesabu inapoachana.

Mafuriko hutoa na kuchukua

Kwa kawaida Tana ina misimu miwili ya kujaa, mmoja kati ya Aprili na Juni na mwingine Novemba na Desemba. Mafuriko ya kadiri huleta faida tatu. Ya kwanza ni tope laini, ambalo hubeba fosforasi, potasiamu na madini mengine yaliyoshikamana na chembe zake. Ya pili ni maji yanayojaza akiba ya chini ya ardhi. Ya tatu ni kuosha chumvi iliyopanda juu wakati wa kiangazi.

Lakini mafuriko pia huchukua. Udongo ukijaa maji, hewa huisha ndani ya siku chache. Bakteria wanaoishi bila hewa huigeuza naitrojeni ya udongo kuwa gesi, nayo hupotea. Majani yaliyolala chini husombwa. Mizizi hushindwa kula hata kama chakula kipo. Mwembe mkubwa huvumilia hali hiyo vizuri kuliko miti mingi ya matunda, ingawa huacha kuchipua. Mpapai hufa kwa siku chache tu za maji kutuama, na mgomba nao hauvumilii kwa muda mrefu.

Jambo jingine ni aina ya kilichoachwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalizamisha mashamba mengi ya Tana River. Ni rahisi kudhani kila shamba lililozama limepata mbolea ya bure. Shamba lililoachiwa tope laini la vidole viwili limepata kitu. Lililoachiwa mchanga wa mtoni wa kufika magotini limepoteza, kwa sababu mchanga huo una virutubisho vichache na unaziba hewa ya mizizi ya zamani. Baada ya maji kushuka, chimba kidogo uone ulichoachiwa kabla ya kuamua lolote, kisha uondoe mchanga uliorundikana kuzunguka shina.

Mabwawa yamebadilisha ratiba

Huko juu ya mto kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga, lililo juu zaidi, ndilo kubwa kuliko yote. Maji yakituama bwawani, tope linalotoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya huzama.

Hii haina maana kwamba Tana imekuwa maji maangavu. Ukisimama darajani Garsen utaona bado ni ya kahawia. Maji yaliyoacha mzigo wake bwawani huwa na nguvu ya kubeba mzigo mwingine, hivyo huchota udongo wa kitanda na kingo kadiri yanavyoshuka. Kwa lugha nyingine, sehemu ya tope linalopita Garsen ni mashamba ya watu wa juu kidogo yaliyomomonyoka.

Kilichobadilika zaidi ni ratiba. Mabwawa hupunguza mafuriko ya kadiri, yale ambayo zamani yalipita mara kwa mara na kuacha tope jembamba. Mafuriko makubwa bado huja, hasa mabwawa yanapojaa na kumwaga. Mkulima hukaa misimu kadhaa bila kupokea chochote kutoka mtoni, kisha hupokea kwa fujo, pamoja na hasara. Kuna pia mpango wa miaka mingi wa kujenga bwawa la High Grand Falls, kubwa kuliko Masinga. Ukitekelezwa, suala la maji na tope litakalowafikia watu wa chini halitakuwa dogo, na wakulima wanapaswa kuuliza hesabu hiyo mapema kwenye vikao vya maoni ya umma.

Jirani zetu wa Sabaki wana kisa tofauti. Mto wao umeendelea kuteremsha tope jingi hadi bahari ya Malindi hubadilika rangi msimu wa mvua. Lakini tope hilo ni udongo wa juu wa mashamba ya Ukambani na kwingineko. Linapomnufaisha mtu wa kingoni huku chini, kuna mwingine huko juu ambaye shamba lake limevuliwa nguo. Ujenzi wa bwawa la Thwake kwenye mto huohuo unaonyesha kwamba Sabaki nayo inaelekea njia ya Tana.

Piga hesabu ya maembe yako

Tuje kwenye namba. Katika kilo 1,000 za nyama ya embe kuna takriban kilo 1.3 za naitrojeni, kilo 1.7 za potasiamu na gramu 140 za fosforasi. Ganda na kokwa vina virutubisho vyake pia, kwa hiyo tunaweza kutumia viwango hivyo kwa tunda zima kama kadirio.

Chukua mfano wa shamba lenye miembe 40, kila mmoja ukitoa kilo 250 kwa mwaka. Hizo ni tani 10. Zikipakiwa kwenye lori, zimeondoka na:

- naitrojeni kilo 13
- potasiamu kilo 17
- fosforasi kilo 1.4

Kwa mwaka mmoja si nyingi. Kwa miaka 10 ni kilo 130 za naitrojeni na kilo 170 za potasiamu. Ndizi huchukua zaidi. Tani moja ya nyama ya ndizi ina takriban kilo 3.6 za potasiamu, zaidi ya mara mbili ya embe.

Hesabu hii haisemi kwamba shamba lako tayari lina njaa ya potasiamu. Udongo wa mto unaweza kuwa na akiba kubwa ndani ya madini yake, inayoachiliwa kidogo kidogo. Inachosema ni kwamba kuna mfereji unaotoa kila mwaka, na kama hakuna unaoingiza, siku ya kukauka itafika. Shamba la ukingoni lenye mchanga litafika mapema.

Soma namba kwenye gunia

Anayeamua kununua mbolea mara nyingi huchukua iliyopo dukani au iliyoletwa na mpango wa ruzuku. Hapo panahitaji uangalifu. DAP, ambayo wengi wanaijua kwa mahindi, ina namba 18:46:0. Sifuri hiyo ya mwisho ni ya potasiamu. Gunia la kilo 50 lina naitrojeni kilo 9 na fosforasi kilo 10, lakini halina hata chembe ya kile ambacho embe huchukua kuliko vyote. Mkulima anayeweka DAP kila mwaka kwenye miembe mikubwa anajaza debe lililojaa na kuliacha tupu lililo tupu. CAN nayo huleta naitrojeni na kalsiamu kidogo tu.

Ukichukua 17:17:17, gunia la kilo 50 lina kilo 8.5 za naitrojeni. Namba za fosforasi na potasiamu huandikwa pamoja na oksijeni, kwa hiyo kiasi halisi ni kidogo kuliko kinavyosomeka: fosforasi kilo 3.7 na potasiamu kilo 7. Kufidia kilo 17 za potasiamu zilizoondoka kwa mfano wetu, utahitaji magunia karibu mawili na nusu. Naitrojeni ingetosha kwa gunia moja na nusu. Fosforasi ingezidi mara sita ya iliyotoka.

Kuzidisha si jambo la bure. Naitrojeni nyingi karibu na wakati wa maua huufanya mwembe uchipue majani badala ya kuchanua. Fosforasi nyingi huzuia mti kupata zinki. Na mbolea inayowekwa siku chache kabla ya mto kufurika huishia mtoni, kisha katika delta na ghuba ya Ungwana ambako watu wanavua kamba. Ukanda wa miti na nyasi za asili uliobakishwa kingoni husaidia kudaka inayotoroka, na pia hushika ukingo usimomonyoke.

Njia za kurudisha bila kutumia pesa nyingi

*Majani yabaki chini ya mti.* Yatandaze kuanzia hatua moja kutoka shinani hadi chini ya ncha za matawi, kwa maana huko ndiko iliko mizizi mingi inayokula. Usiyarundike kwenye gome, yataleta ugonjwa na mchwa.

*Migomba ni ghala la potasiamu.* Baada ya kukata mkungu, shina na majani bado vina potasiamu nyingi. Vikatekate na kuvitandaza chini ya migomba yenyewe na chini ya miembe. Kuvitupa mtoni ni kutupa mbolea.

*Maembe yaliyokataliwa yarudi, lakini kwa njia salama.* Kila msimu kuna marundo ya maembe yaliyooza kando ya barabara. Yana virutubisho vilevile vya yaliyouzwa. Shida ni nzi wa matunda, hasa yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye mabuu wake hukamilika ndani ya tunda lililoanguka. Yafukie kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge ndani ya plastiki nyeusi juani kwa wiki kadhaa, ndipo uyachanganye kwenye mboji.

*Samadi.* Tana River ina mifugo mingi ya Waorma na Wawardei, na kiangazi mifugo hiyo huteremka kuja kunywa na kulisha karibu na mto. Kuna maboma yenye samadi ya miaka mingi iliyorundikana, na kilomita chache kutoka hapo kuna miembe yenye njaa. Uhusiano wa mkulima na mfugaji umewahi kuvunjika vibaya: mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta. Biashara ya samadi haitamaliza ugomvi wa ardhi na njia za maji, lakini ni miongoni mwa mambo machache ambapo kila upande una kitu ambacho mwingine anakihitaji.

Samadi ina sharti moja muhimu hapa kwetu. Ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mathenge na mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Ukichukua samadi mbichi kutoka boma, unaweza kupanda mathenge shambani kwa mikono yako. Irundike na mabaki ya mimea, uinyunyizie maji, uigeuze kila baada ya wiki mbili hadi joto lipande na kushuka. Joto la rundo huua mbegu nyingi, na miche itakayochomoza ing'olewe ingali midogo. Baada ya hapo, madebe mawili au matatu kwa mwembe mkubwa, katika mfereji mfupi chini ya ncha za matawi, ni mwanzo mzuri. Weka baada ya kuvuna, mvua zikianza, na si wakati mto umetangaziwa tahadhari.

*Mikunde.* Kunde, pojo na mbaazi hushirikiana na bakteria wa mizizini kuchukua naitrojeni ya hewani. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huenda kwenye mbegu unazovuna. Faida ya udongo inapatikana ukikata mmea juu ya ardhi, mizizi ibaki, na majani yatandazwe. Mathenge nayo ni ya jamii hiyo na udongo chini yake mara nyingi huwa na naitrojeni zaidi, lakini hakuna sababu ya kuiacha shambani. Inanyonya maji na kuziba njia, na gharama yake ni kubwa kuliko zawadi yake.

*Wanaopanda miti ya nguzo.* Kwa wenye mivinje, kama ilivyo Kilifi na Malindi, kumbukeni kwamba virutubisho vingi vya mti viko kwenye majani, vijiti na gome, si kwenye mbao. Uza boriti, acha matawi na maganda shambani. Mvinje hujitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, lakini potasiamu na kalsiamu hauwezi kuzitoa hewani.

*Jivu la jikoni* lina potasiamu na kalsiamu, ila pia huongeza ukali wa magadi. Linafaa udongo wenye tindikali. Kwenye udongo ambao tayari una magadi, liache.

Ozi na Kipini: pale chumvi inapojifanya njaa

Karibu na mdomo wa mto, maji ya mto yakipungua bahari hupanda na maji ya chumvi huingia mashambani. Mwembe wenye chumvi nyingi hukauka ncha na kingo za majani, na dalili hiyo hufanana sana na ukosefu wa potasiamu. Mkulima anayekimbilia mbolea hapo anaweza kuongeza tatizo, maana mbolea nayo ni chumvi na huufanya mti uzidi kuhangaika kupata maji. Ile ya potasiamu iliyo ya kloridi ni mbaya zaidi. Kama potasiamu inahitajika kweli, itumike ya salfeti.

Dawa halisi ya chumvi ni maji baridi ya mto kupita na kuiosha. Hii ndiyo sababu suala la maji mangapi yanaachiwa kutoka juu si la umeme na unyunyizaji tu. Linaamua kama miembe ya Ozi itaendelea kuwepo.

Majani yanasema, lakini udongo upimwe

Tazama jani lipi limeathirika, la zamani au changa. Mti unaweza kuhamisha naitrojeni, potasiamu na magnesi kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo upungufu wake huanza kwenye majani ya zamani. Yakiwa manjano yote, shuku naitrojeni. Yakikauka kingo, shuku potasiamu au chumvi. Chuma na zinki havihami kirahisi, hivyo huonekana kwenye majani machanga: manjano yenye mishipa ya kijani ni chuma, majani madogo, membamba, yaliyosongamana ni zinki. Hizi mbili hutokea zaidi penye magadi.

Dalili huelekeza tu. Uhakika hutoka maabara, kama ile ya KALRO Kabete, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukuelekeza jinsi ya kufikisha sampuli. Kuchukua sampuli ni hivi:

1. Gawanya shamba kulingana na udongo: ukingo peke yake, bonde peke yake.
2. Katika kila sehemu chagua mahali 10 hadi 15 ukitembea kwa kupinda-pinda. Epuka mahali pa boma la zamani, kichuguu au palipochomwa majani.
3. Chimba sentimita 0 hadi 30, weka kwenye ndoo safi ya plastiki. Kwa miti ni vyema kuchukua pia ya sentimita 30 hadi 60 katika ndoo nyingine.
4. Changanya vizuri, chukua nusu kilo, anika kivulini, funga na uandike jina la sehemu na tarehe.
5. Omba wapime pia chumvi na magadi, si naitrojeni, fosforasi na potasiamu pekee.

Pima upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baada ya mafuriko makubwa.

Mwisho, fungua daftari. Upande mmoja andika kilichotoka: kreti za maembe, mikungu ya ndizi, boriti, majani yaliyochomwa. Upande wa pili andika kilichoingia: madebe ya samadi, mashina ya migomba yaliyotandazwa, magunia ya dukani na namba zake, mafuriko na unene wa tope uliloacha. Ukurasa wa kushoto ukijaa miaka mitatu mfululizo na wa kulia ukiwa mtupu, usingoje mto ukusaidie. Anza na majani yaliyo chini ya mti msimu huu huu.